Shahidi wa Mti Mkavu

Kila ninayekutana naye ananiuliza habari za ule mti, na kila mmoja ameshasikia yake. Mmoja kasikia nimefukuzwa kazi, mwingine kasikia nilikwenda Ivuna kwa mganga, na ninyi mliosoma nami chuoni mmeandika barua tatu mkitaka kujua kama akili zangu zi timamu. Basi nimekaa niandike mara moja, msome, mpeane, nisiulizwe tena. Habari za ruhusa na vibali vya kusafiri naziruka, maana mnazijua na hazina utamu.

Igamba

Mnajua kwamba nilipelekwa upande wa Igamba kuanzisha vitalu vya miche katika vijiji vipya. Kijiji changu kiliwekwa juu ya shamba la zamani la kahawa, la mzungu mmoja aliyekwisha ondoka. Watu walihamishiwa pale mvua zilipokuwa zinaisha, kila ukoo ukitoka kilima chake, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuishi mahali pale. Hilo nawaomba mlishike, maana ndilo lililotuponza.

Chini ya kijiji kuna chemchemi. Kando yake, miguu ikiwa ndani ya tope, umesimama mti mmoja mrefu ajabu. Tulipofika ulikuwa na kijani laini, majani yake membamba yamepangwa safu mbili mbili kama unyoya wa kuku. Matunda yake ni magumu ya mviringo, ukubwa wa ndimu changa. Shina limevimba chini, ganda lake jekundu linachanika nyuzi nyuzi, na pande zote za tope mizizi imeinuka juu kama magoti ya watu waliochuchumaa. Nilisema moyoni kwamba huu ni wa ukoo wa misonobari na miberoshi, nikaishia hapo. Magoti yale sikuwahi kuyaona popote, lakini sikumwuliza mtu. Nilikuwa na cheti, na mwenye cheti haulizi.

Baridi ya mwezi wa sita ikaingia, mti ukageuka rangi ya kutu. Mwezi wa saba ukaanza kumwaga majani, tena si jani moja moja bali vijiti vidogo vizima pamoja na majani yake. Mwezi wa nane ulikuwa uchi kabisa. Wanyiha, wenyeji wa upande ule, hawashangai mti kupukutika, kwa sababu misitu yao karibu yote hupukutika kiangazi. Shida ni kwamba nilikuwa nimekwisha wafundisha kitaluni, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba miti ya ukoo huu huwa ya kijani mwaka mzima, na ukiona mmoja umekauka ujue umekufa, uukate kabla ugonjwa haujaenea. Ndivyo tulivyofundishwa, nami ndivyo nilivyofundisha.

Kwa hiyo Mwenyekiti wetu, Ndugu Nzunda, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe aliye kilima cha pili, aliponiuliza mbele ya mkutano, "Bwana Miti, mti huu ni mzima au umekufa?" sikumeza hata mate.

"Umekufa," nilisema, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma.

Watu wakaguna. Mti umekufaje na miguu yake imo majini? Mama mmoja akasema waziwazi kwamba basi maji yenyewe ndiyo mabaya, na siku ile ile akina mama wakaacha kuteka pale. Wakawa wanakwenda mtoni, saa nzima kwenda na kurudi, ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Mkutano ukapitisha kwamba mti ukatwe, mbao zitumike kuezekea shule, na wapasuaji mbao wakaagizwa.

Kesho yake nilikwenda kupima shina. Nikalikwangua kwa ukucha, nikakuta kijani chini ya ganda, tena kijani chenye maji. Nikakwangua upande wa pili, kijani. Nikakimbia kwa Mwenyekiti.

"Hata mgomba ukishaukata hutoa maji siku tatu," aliniambia. "Jana umesema umekufa. Leo mzima. Kesho utaniambia unatembea? Watu wangu hawanywi maji kwa ajili ya neno lako, Bwana Miti. Niletee mtu aliyeuona mti huu ukifa na kufufuka, nitamsikiliza. Wapasuaji wanafika siku ya kumi kuanzia leo. Ya kumi na moja wanakata."

Niliulizia mpaka nikachosha watu. Mwishowe mama mmoja aliyeolewa kutoka jirani na lile shamba akaniambia kwamba aliyekuwa akitunza miche ya mzungu aliitwa Sikanyika, na kwamba alihama zamani, ila binti yake anauza chakula Tunduma, karibu na mpaka. Nikafunga shuka langu nikaondoka asubuhi ile ile.

Tunduma

Nilifika na vumbi la lori mpaka kwenye nyusi. Tunduma ilikuwa imechangamka kwa reli mpya na malori, na watu wake wanaweza kutumia lugha tatu kununua sabuni moja. Asubuhi nilimpata binti wa Sikanyika, anaitwa Mama Tabu, mwanamke mnene mcheshi, ameketi nyuma ya sinia la kitu cha kahawia kilichokatwa vipande vinene. Wateja wake wa kutoka Zambia walikuwa wakimsalimu, "Mwapoleni mukwai," naye anaitikia huku anakata.

Sikutaka kuanza na maswali, nikaagiza ugali na vipande viwili. Vilikuwa laini, vina pilipili kidogo na ladha ya karanga. Nikaomba cha tatu.

"Mama, haya maini ni ya mnyama gani?" nikauliza. "Yamepikwa vizuri sana."

Kisu kikasimama hewani. Halafu wote waliokuwa pale wakaangua kicheko kwa mara moja.

"Baba, hiyo ni chikanda," Mama Tabu alisema akijifuta macho. "Ni viazi vya maua, tunavichimba mbugani. Tunavitwanga, tunapika na unga wa karanga. Hakuna mnyama hapo. Kwani wewe unafanya kazi gani?"

Nguo zangu za kaki zilijibu kabla yangu.

"Bwana Miti!" akapiga makofi. "Bwana Miti amekula mmea, kauita maini!"

Nawaandikia haya ili mcheke mapema, mmalize. Kwa kweli niliumia. Ilikuwa mara ya pili katika juma moja nimeutazama mmea usoni nisiujue. Alipotulia nikamweleza haja yangu, naye akawa mwema. Baba yake, alisema, yuko Ndalambo kwa shemeji zake, ukoo wa akina Simbeye. "Ukimwona mwambie arudishe sufuria yangu. Amekaa nayo tangu mavuno."

Gari la kwenda Ndalambo lilikuwapo, la kubebea mahindi, na dereva wake alikuwa Bakari, mtu wa Tanga, mtaratibu, mwenye kofia safi kuliko kitu chochote mji mzima.

"Ndugu yangu, gari lipo na dereva yupo," alisema. "Dizeli ndiyo haipo. Inakuja kesho inshallah."

Haikuja kesho, wala keshokutwa. Siku tatu nilikaa kwenye kivuli cha lori nikihesabu siku zangu kwa vidole. Bakari alikuwa anakwenda kuswali, anarudi, ananimiminia kahawa ya tangawizi, ananitazama ninavyosimama na kuketi.

"Mti mmoja tu?" aliuliza siku ya pili. "Nchi yote hii ina miti, wewe unakonda kwa mmoja?"

"Sio mti peke yake, Bakari. Ni neno langu. Nililisema mbele ya kijiji kizima na wamelikubali."

Akafikiri kidogo. "Basi ungelisema nyuma yao," akasema, akaenda kuangalia tairi. Jioni ya siku ya tatu dizeli ikaja.

Ndalambo

Tulifika siku ya tano. Bakari alinishusha sokoni akaniombea heri. Nikaanza kumwulizia Mzee Sikanyika, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wa kwanza hamjui. Wa pili hajawahi kusikia jina hilo, ingawa nilikuwa sijamaliza kulitaja. Wa tatu, mzee aliyekuwa akisuka mkeka, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Umechelewa, baba. Sikanyika alifariki. Tulimzika."

Nilikaa chini palepale mavumbini. Siku tano, na shahidi wangu yuko kaburini! Nilifikiri kurudi, nikawaza nitakachomwambia Nzunda, nikaona sina. Halafu nikakumbuka malezi. Kwetu Njombe huwezi kupita kwenye msiba ukaendelea na safari kana kwamba hukuona. Nikanunua unga ungo mmoja, nikaulizia nyumba ya shemeji wa marehemu, Mzee Simbeye. Nyumba hiyo walinionyesha upesi.

Niliingia uani kwa adabu, nikavua kofia, nikaweka unga chini.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuhani. Nimesikia habari za shemeji yako, Mzee Sikanyika. Sikumjua, lakini nilikuwa namhitaji sana. Poleni."

Simbeye, mzee mrefu mkavu, aliinuka kwenye kigoda. Akautazama unga, akaniangalia, kisha akageuka kumtazama mkewe mlangoni. Mke akashika kichwa.

"Uondoe!" akampigia mumewe kelele. "Uondoe unga huo! Unapokeaje unga wa msiba wa mtu aliye hai? Unataka kumwua ndugu wa watu?"

"Chukua unga wako, baba," Simbeye alisema, na jasho lilikuwa linamtoka. "Chukua, tafadhali. Mtu hajafa."

Ikabidi wanieleze. Mwaka uliopita alikuja mtu mwenye kaki kama yangu, akakusanya mashoka ya watu waliokuwa wakikata miti, na mashoka hayakurudi. Waliponiona ninamtafuta Sikanyika, ambaye maisha yake yote ameshughulika na miti, soko zima likakubaliana kwa macho tu kwamba asipatikane. Wa tatu alizidisha kidogo.

Nilikasirika, siwafichi. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini Simbeye alikuwa ameona haya kuliko hasira yangu, akaniletea uji wa ulezi, akaketi karibu yangu mpaka nikanyamaza.

"Yuko Ivuna," akasema. "Dada yangu Nambeye alimwoa... yaani yeye alimwoa dada yangu, wakashuka huko kuchemsha chumvi. Kiangazi hiki chote wako kwenye vyungu. Kesho nitakusindikiza mpaka ukingoni mwa mlima. Unga wako wape kuku wa jirani, kwangu usiingie."

Kushuka bondeni

Simbeye alitimiza ahadi. Alinibeba kwenye baiskeli yake pale palipokuwa tambarare, tukaisukuma wote wawili pale palipopanda, mpaka tukafika ardhi inapovunjika na bonde la Rukwa linaonekana chini, jeupe kwa joto. Pale alinionyesha njia, akageuza baiskeli. Nilitembea peke yangu nusu ya siku ile na siku nzima iliyofuata.

Njia inashuka katikati ya miyombo. Ninyi mnanijua, nimekulia kwenye misonobari na miwati, miyombo nimeisomea tu. Mvua haikuwa imenyesha hata tone tangu mwezi wa nne, ardhi inapasuka, lakini miti ile ilikuwa imeanza kutoa majani mapya mekundu, laini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nilisimama chini yake muda mrefu kuliko ilivyonifaa. Miti hii ilikuwa imevua nguo zote, ikakaa uchi, na sasa inavaa upya bila kungoja mvua. Kila mtoto wa Mbozi, wilaya yetu, anajua hilo. Ni mimi niliyewaambia kwamba mti wa chemchemi hauwezi, kwa sababu tu ni wa ukoo mwingine.

Nililala kwa mfugaji mmoja aliyenipa maziwa ya mgando na hakutaka kujua lolote kuhusu miti. Nilimshukuru kwa yote mawili.

Ivuna

Kambi ya chumvi niliiona kwa moshi wake kabla sijaiona yenyewe. Wanawake wanakwangua udongo wa chumvi, wanautia kwenye vyungu vilivyotobolewa chini, wanamwagia maji, na maji yanayochuruzika ndiyo yanayochemshwa mpaka chumvi ibaki. Mimi nilikuwa na siku tatu tu zilizobaki, na miguu imevimba. Nikakatiza moja kwa moja katikati ya uwanja, na viatu vyangu, juu ya udongo uliokwisha kwanguliwa na kuwekwa tayari.

Mwanamke mmoja alinisimamisha kwa mwiko mrefu kifuani.

"Viatu!" akasema. "Unaona tunatembea peku, wewe unatuletea mavi ya ng'ombe ya njia nzima kwenye chumvi?"

Nikaomba radhi. Nikasema nina haraka, namtafuta Mzee Sikanyika.

"Hapa anayekanyaga chumvi anafanya kazi ya chumvi kwanza. Tangu mama zetu ndivyo. Vua, shika hilo debe."

Nilijaribu kueleza habari ya wapasuaji. Hakuna aliyesikiliza. Basi nikavua viatu nikabeba maji, madebe kumi na manane, mpaka uwanja niliouchafua ukawa umekwanguliwa na kuwekwa upya. Jua la bonde lile si la mchezo. Mzee mmoja mfupi mwenye ndevu nyeupe alikuwa ameketi kando akipanga kuni, anavunja kila kijiti, anakinusa, kingine anakitupa pembeni. Hakuniambia neno. Nilipotua debe la mwisho alinisogezea bakuli la perege wa kuchemsha na ugali wa mtama.

"Kula. Mimi ndiye Sikanyika," akasema. "Nambeye ni yule mwenye mwiko."

Nilitamani kumkaripia, nikaona samaki ni mzuri mno. Nikamsalimia, akaitikia marahaba, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, pamoja na neno nililolisema mkutanoni. Nilipotaja mti alikiweka chini kijiti alichokuwa nacho.

"Magoti yapo?" akauliza.

"Yapo, mzee. Pande zote za tope."

"Na majani yaliondoka na vijiti vyake?"

"Ndiyo."

"Basi umelala tu," akasema. "Unalala kila baridi."

Sikujua kwamba mtu anaweza kufurahi hivyo kwa maneno machache. Nikamwambia twende, twende sasa hivi. Akaanza kutikisa kichwa. Chumvi haingoji, alisema, mvua zikianza kazi imekwisha, na Igamba ni mbali, na watu wale wapya hawamjui wala hawatamsikia.

Nambeye alikuwa amesimama nyuma yetu na mwiko wake.

"Mwambie ya miche," akamwambia mumewe.

"Ya nini?"

"Mwambie. Miaka yote unaniambia mimi. Mwambie mwenye kazi nayo."

Mzee akainamisha kichwa. Yule mzungu, alisema, aliletewa mbegu kutoka kwao mbali, zikaota miche kumi na miwili, akamkabidhi yeye aitunze. Mwaka wa kwanza baridi ilipoingia, mzungu akiwa safarini, yote ikakauka majani. Sikanyika aliogopa kwamba ataambiwa ameiua kwa uvivu. Akaing'oa, mmoja mmoja, akaitupa mtoni, apate kusema imeliwa na mchwa. Ule wa mwisho ulikuwa umejificha kwenye matete ya chemchemi, akausahau. Miezi miwili baadaye akaukuta una majani.

"Nilipouona hivyo nilikaa chini," alisema. "Kumi na mmoja, baba. Yote ilikuwa hai mkononi mwangu. Mizizi ilikuwa na maji."

Halafu Nambeye akamtupia shuka lake begani.

"Nenda," akamwambia. "Vyungu nitavitazama mimi na wenzangu. Ukibaki hapa utanieleza ya miche kumi na mmoja mpaka nife."

Kupanda na mzee

Njia ya kurudi ilikuwa ya moja kwa moja, kupitia Kamsamba mpaka Igamba, bila kupita Tunduma wala Ndalambo. Yaani Ivuna ilikuwa nyuma ya nyumba yangu siku zote, nami nilizunguka wilaya nzima kuifikia. Sikanyika alicheka jambo hilo kila tulipopumzika, na tulipumzika kwa ajili yangu, maana yeye alipanda mlima ule kama anayekwenda kuchota moto kwa jirani.

Siku ya kumi tulipata mkokoteni wa ng'ombe ukavunjika ekseli, ule mti wa magurudumu. Mwenye mkokoteni alitaka tumsaidie kuchonga ekseli. Nikamwambia mzee tumwache, tutachelewa. Sikanyika akanikatalia katakata. Mtu amekubeba, akasema, huwezi kumwacha njiani. Tukachonga mpaka saa tisa alasiri, na mimi moyoni nasikia msumeno. Halafu tukatembea jioni yote, tukalala kidogo, tukaamka na jogoo wa kwanza.

Igamba tena

Tuliingia kijijini siku ya kumi na moja, jua limeshapanda. Wapasuaji wawili walikuwa wamekwisha chimba shimo la kupasulia, na mmoja alikuwa ameuinamia msumeno akiunoa kwa tupa. Shoka lilikuwa limeshaingia shinani mara tatu. Vibanzi vilivyoanguka vilikuwa vimelowa. Nililiita jina la Mwenyekiti tangu mbali, bila "Ndugu" wala heshima yoyote.

Watu wakakusanyika. Nzunda alimtazama Sikanyika kwa shaka. Walizungumza Kinyiha, upesi, na mimi nilishika nusu. Mwenyekiti alikuwa akisema kwamba huyu alikuwa mtu wa mzungu, atautetea mti wa mzungu. Mzee hakubisha. Alikwenda mpaka kwenye jeraha la shoka, akaweka kiganja, akawaonyesha watu kimelowa. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili na mimi na wapasuaji tusikie:

"Mimi niliua miche kumi na mmoja ya mti huu. Nilidhani imekufa. Msiniulize ninajuaje."

Mimi nami nikasimama. Nikasema kwamba niliyewaambia umekufa ni mimi, kwamba sikuwa na hakika, na kwamba nilisema kwa sababu niliona vibaya kusema sijui. Nikasema wanipe mwezi mmoja. Usipotoa majani, wapasuaji wakirudi nitashuka mimi shimoni nivute msumeno upande wa chini, vumbi la mbao linimwagikie machoni, mpaka ubao wa mwisho wa shule.

Mmoja wa wapasuaji alicheka. "Huyu siku mbili hafiki," akasema. Nafikiri ni yeye aliyetuokoa, maana watu walicheka naye, na Mwenyekiti akainua mkono.

"Mwezi mmoja," akasema. "Lakini maji ya pale simlazimishi mtu kunywa."

Na hawakunywa. Mwezi ule wote nilikuwa nikiwaona akina mama kila asubuhi wakiipita chemchemi, ndoo kichwani, wakishuka kwenda mtoni, wala hawanisalimii kwa furaha. Nilikuwa nakwenda mtini asubuhi, mchana na jioni. Niliuchunguza mpaka nikaujua kila tawi. Nilimwandikia mwalimu wetu wa zamani, na jibu lilikuja baadaye kwamba ni mberoshi wa vinamasi kutoka Amerika, katika ukoo huu ni mmoja kati ya miti michache inayovua majani yake. Lakini wakati ule nilikuwa na Sikanyika tu. Alikaa kwangu, akala unga wangu wote, na kila nilipotaka kumburuta aje atazame alikuwa ananijibu, "Wewe nenda. Mimi naujua."

Wiki ya nne, alfajiri, Mwenyekiti aligonga mlango wangu mwenyewe. Hakunisalimia. "Njoo," akasema, tukashuka, mimi na shati nililolalia. Akina mama walikuwa njiani na ndoo zao, nao wakasimama kutazama tunakokwenda.

Nzunda alinyoosha kidole juu.

"Macho yangu yamezeeka," akasema polepole. "Kule juu ni majani au ni ukungu wa asubuhi?"

Nilitazama. Kila kijiti kilikuwa na nukta ya kijani. Nikavuta tawi la chini, nikazigusa. Zilikuwa laini kama manyoya ya kifaranga.

"Ni majani, Ndugu Mwenyekiti."

"Siku ile uliposema umekufa, ulisema kwa sauti gani?"

"Kubwa."

"Haya."

Akanishika bega akanigeuza kuwaelekea akina mama. Machozi yalinitoka, siwafichi.

"Mti ni mzima!" nikapaza sauti. "Nilikosea mimi! Mti ni mzima!"

Mama aliyetangulia aliutazama mti, akanitazama, akatua ndoo kichwani, akakunja kanga, akaingia kwenye tope katikati ya yale magoti, akateka maji.